Mama mwenye uchungu hawezi kukagua leseni: nani anamkagua mkunga kwa niaba yake?

Tulikuwa tunakaribia kufunga kipindi cha afya ya mama na mtoto pale msikilizaji mmoja kutoka Kishapu alipopiga simu. Hakuwa na malalamiko. Alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma, na yeye na mtoto wako salama. Alikuwa na swali tu: "Dada, aliyenizalisha alikuwa binti mdogo, amevaa sare kama wenzake. Mpaka leo sijui kama alikuwa mkunga au mwanafunzi. Mtu anajuaje?"

Mgeni wetu studioni alijibu kwa kifupi, kama muda ulivyoruhusu: anayetoa huduma lazima awe amesajiliwa, na mwanafunzi lazima awe chini ya usimamizi. Tukaingia kwenye taarifa ya habari. Lakini simu na jumbe zilizofuata zilituonyesha kuwa swali la yule mama ni la wengi. Baba mmoja alituuliza kama ndugu wa mgonjwa anaweza kudai kuona leseni mlangoni mwa leba. Mama mwingine akatuandikia: "Ukiwa na uchungu huulizi leseni, unauliza kitanda."

Tuanzie hapo. Mama mwenye uchungu hana nafasi ya kukagua vyeti vya mtu. Ukaguzi wote unaomhusu lazima uwe umekwisha kufanyika kabla hajavuka kizingiti cha wodi. Katika makala hii tunaeleza nani hapa Tanzania ana kazi hiyo ya kukagua, anakagua nini, na ni wapi ukaguzi huo unahitaji kukazwa.

Akina mama wamefika. Nani anawapokea?

Kwa miaka mingi wito wa redio, kliniki na viongozi wa vijiji ulikuwa mmoja: nenda ukajifungulie kituoni. Wito huo umeitikiwa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya waliojifungua walijifungulia katika kituo cha kutolea huduma za afya. Katika utafiti wa 2022 asilimia hiyo ilifika 81, na waliosaidiwa na mtoa huduma mwenye ujuzi walikuwa asilimia 85. Katika tafiti hizo hizo, vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaiweka idadi hiyo juu zaidi ya 104, lakini nayo yanaonyesha kwamba vifo vimepungua sana kulinganisha na miaka ya nyuma.

Sisi wa mkoa wa Shinyanga tuna sehemu yetu katika hadithi hiyo. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao leo unaitwa kwa kupiga namba 115 bila malipo, ulijaribiwa huku Kanda ya Ziwa kabla ya kuenea nchini. Mama wa kijijini aliyezidiwa usiku sasa ana namna ya kufika hospitali hata kama hakuna gari la wagonjwa karibu.

Mafanikio hayo yamebadilisha mahali hatari ilipo. Zamani tulizungumza sana juu ya mama aliyefia nyumbani au njiani. Sasa, kadiri wengi wanavyojifungulia vituoni, ndivyo maisha yao yanavyotegemea mikono ya mtu aliye zamu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikubwa zaidi cha vifo vya wazazi duniani, na mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa ndani ya dakika moja. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Katika dakika hiyo hakuna wa kwenda kumwita daktari nyumbani kwake. Aliyepo ni mkunga, na anachokijua ndicho kitakachotumika.

Ndiyo maana tunasema kuwa sifa za mkunga si suala la ndani la wenye taaluma. Ni suala la kila nyumba yenye mjamzito.

Ukaguzi wa kwanza: darasani na wodini

Njia ya kuwa mkunga Tanzania huanzia chuoni. Ngazi ya cheti huchukua miaka miwili, stashahada miaka mitatu, na shahada miaka minne ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo kazini chini ya uangalizi. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa upande wa taaluma yenyewe kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, TNMC, lililo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga Na. 1 ya mwaka 2010. Zanzibar ina baraza lake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano.

Kwa hiyo chuo kimoja kinaweza kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja: mmoja anaangalia mitaala na mitihani kama taasisi ya elimu, mwingine anaangalia kama anayehitimu anaweza kukabidhiwa uhai wa mtu. Mpangilio huo una faida, maana macho mawili huona zaidi ya moja. Hatari yake ni kwamba jambo gumu kupimwa linaweza kuangukia katikati, kila mmoja akidhani mwenzake ameliangalia.

Jambo gumu lenyewe ni mafunzo kwa vitendo. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga, ICM, lilitoa mwaka 2010 viwango vya dunia vya elimu ya ukunga. Vinasema anayesomea ukunga moja kwa moja asome kwa muda usiopungua miaka mitatu, na ambaye tayari ni muuguzi asome ukunga kwa miezi isiyopungua 18. Vinataka pia nadharia isipungue asilimia 40 ya mafunzo, na vitendo visipungue asilimia 50. Maana yake, nusu ya elimu ya mkunga haiko kwenye daftari. Iko kitandani, mbele ya mama halisi, mwalimu akiwa ubavuni.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameiweka nusu hiyo kwa hesabu. Maelekezo yao ya mwaka 2005 yanamtaka mwanafunzi wa ukunga awe amezalisha mwenyewe akina mama wasiopungua 40 kabla ya kuhitimu. Pale ambapo akina mama hawatoshi, idadi inaweza kushuka hadi 30, mradi awe ameshiriki kusaidia katika vizazi vingine 20. Hatusemi tunakili hesabu ya Ulaya. Tunachokitaja ni wazo lenyewe: kuna kiwango cha mikono kupita kazini ambacho hakuna mtihani wa kuandika unaoweza kuziba nafasi yake.

Sasa tuangalie hali ya kawaida. Chuo kina wanafunzi wengi na hospitali ya karibu ina vitanda vichache vya leba. Hospitali hiyo hiyo inapokea wanafunzi wa vyuo vingine, wa uuguzi na wa utabibu. Mama anapofikia kusukuma, kitanda kinazungukwa na wanafunzi kadhaa, na mmoja tu ndiye anayeshika. Wengine wanaangalia. Kitabu cha mwanafunzi cha kurekodi kazi alizofanya kinahitaji saini, na mkunga wa zamu, ambaye ana akina mama wengine watatu wanaomsubiri, anaombwa asaini. Hapo ndipo "ameona" inaweza kugeuka kuwa "amefanya" kwa mstari mmoja wa kalamu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini miaka miwili baadaye, usiku, kwenye zahanati yenye taa ya sola, yule aliyeona atakuwa peke yake mbele ya kondo la nyuma lililogoma kutoka.

Kwa hiyo tukiulizwa kiwango cha elimu kikazwe wapi kwanza, jibu letu si kuongeza mitihani ya darasani. Ni kuhesabu vitanda vya leba kabla ya kuhesabu viti vya darasani. Idadi ya wanafunzi wanaopokelewa na chuo ipimwe kwa idadi ya vizazi vinavyotokea katika hospitali wanakofanyia mazoezi, na idadi ya wakunga wazoefu walio tayari, na waliopewa muda, kuwafundisha. Sanamu za mazoezi zinasaidia sana na kila chuo kinapaswa kuwa nazo, ila sanamu haitetemeki wala haimshiki mkono anayeihudumia.

Jina moja, kazi mbili

Kuna jambo lingine ambalo msikilizaji wa kawaida halijui. Wengi tunaowaita wakunga hapa nchini wamesomea uuguzi na ukunga kwa pamoja. Ndiyo maana mara nyingi utasikia cheo cha muuguzi mkunga. Njia ya kusomea ukunga peke yake ipo, kwa mfano shahada ya ukunga ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Jirani zetu Uganda wamekuwa kwa miaka mingi na njia ya kusomea ukunga moja kwa moja hata katika ngazi ya cheti.

Mfumo wa pamoja una sababu zake. Zahanati ya kijijini inaweza kuwa na watumishi wawili au watatu. Inahitaji mtu anayeweza kufunga kidonda asubuhi, kuchanja watoto saa nne na kuzalisha saa nane usiku. Kumpeleka huko mtu wa ukunga pekee kunaweza kuwa anasa ambayo halmashauri haiwezi kuimudu.

Lakini mfumo huo una gharama pia. Katika hospitali kubwa, mtumishi huyo huyo anaweza kukaa leba mwaka mmoja, kisha akapangiwa wodi ya upasuaji, kisha wodi ya watoto, halafu akarudishwa leba kwa sababu kuna upungufu. Kwenye karatasi bado ni mkunga. Mikononi, amekaa miaka kadhaa bila kuzalisha. Anayepanga zamu anaona jina kwenye orodha. Haoni mara ya mwisho jina hilo lilipomsaidia mtoto kupumua.

Viwango vya ICM vya usimamizi wa taaluma, vilivyotolewa mwaka 2011, vinataka ukunga utambuliwe na kusimamiwa kama taaluma inayojitegemea, hata pale ambapo sheria inauweka pamoja na uuguzi. Hilo linaweza kuonekana kama ugomvi wa vyeo, lakini tukilitazama kutoka kitandani kwa mama, maana yake ni nyepesi: anayehuisha leseni ili afanye kazi ya ukunga aonyeshe kwamba ukunga ndio anaoufanya, au kwamba amerudia mazoezi kabla ya kurudi leba.

Ukaguzi wa pili: daftari na leseni

Watu wengi huchanganya usajili na leseni. Usajili ni kuingizwa jina kwenye daftari la Baraza baada ya kuthibitika kwamba umesoma na umefaulu. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, na hiyo haidumu milele. Inahuishwa kwa vipindi, na mwenye nayo anatakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Kufanya kazi hii bila kuandikishwa ni kosa la jinai. Baraza lina mamlaka ya kusikiliza malalamiko, kuonya, kusimamisha na kufuta jina kwenye daftari.

Kwenye sheria, basi, mama wa Kishapu amelindwa. Jibu la swali lake lipo. Tatizo ni kwamba yeye hakulijua, na hakuwa na njia rahisi ya kulipata. Leo hii mtu anayetaka kununua pikipiki iliyotumika huangalia kwanza kwa simu kama inadaiwa faini za barabarani. Daftari la wakunga linapaswa kuwa jepesi kiasi hicho kwa mwananchi: jina, ngazi, na kama leseni iko hai.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba daftari lililo wazi litamsaidia mama akiwa kwenye uchungu. Litamsaidia mwajiri kwanza. Hospitali binafsi inayotaka mtumishi wa bei nafuu, halmashauri inayojaza nafasi za mkataba, kituo kinachowatumia wanaojitolea wakati wakisubiri ajira: wote hao wana wakati wa kukagua, na wote wanapaswa kuwajibika wasipokagua. Kwa maoni yetu, pale anapokutwa mtu anazalisha bila leseni, swali la kwanza lielekezwe kwa aliyempangia zamu.

Na kuna jambo dogo, la gharama ndogo sana, ambalo lingemjibu yule binti wa Kishapu na wengine wote: kitambulisho kinachosomeka. Jina, na neno moja kati ya mawili: mkunga, au mwanafunzi. Pamoja nacho, salamu. "Mama, mimi naitwa fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nipo na mkunga wangu huyu hapa." Mama ana haki ya kujua, na akina mama wengi wakielezwa hivyo hawakatai. Wanachokataa ni kushtukizwa.

Ukaguzi wa tatu: miaka kumi baada ya leseni

Sehemu hii ndiyo tunayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na bahati nzuri ushahidi wake umetoka hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kujaribu mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Katika hospitali nane zilizofuatiliwa, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Habari hizo zilikuwa njema. Lakini watafiti katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waliona kitu kilichowashangaza. Mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye, walipopimwa kwa sanamu, walikuwa wameboreka sana. Walipoangaliwa wakiwahudumia watoto halisi wodini, hakukuwa na mabadiliko. Walijua la kufanya, mikono haikulifanya.

Haydom wakabadili utaratibu. Badala ya semina moja, sanamu iliwekwa wodini, na kila mtumishi akatakiwa kufanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Baada ya hapo vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watumishi ni wale wale na hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kujifunza kulihama kutoka ukumbini kuja kazini.

Wazo hilo likapanuliwa. Mradi wa Safer Births ulilipeleka katika hospitali na vituo 30 kwenye mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Mwanza na Shinyanga yetu. Matokeo yake yalichapishwa mapema mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England, baada ya kufuatilia zaidi ya akina mama robo milioni. Vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa takriban robo tatu. Matokeo hayakuwa sawa kila mkoa, na ni haki kulisema hilo. Lakini somo la jumla liko wazi.

Kwa upande wa kutokwa damu, jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2023, lilionyesha jambo kama hilo. Pale damu ilipokadiriwa kwa macho kama ilivyo desturi, karibu nusu ya akina mama waliotokwa damu kupita kiasi hawakugundulika. Pale ilipokusanywa kwenye mfuko wenye alama za kipimo, na wakunga wakafundishwa kuanza hatua zote za matibabu kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe, matukio ya kutokwa damu kwa kiwango kikali yalipungua kwa asilimia 60.

Tunaweka takwimu hizi kwa sababu zinagusa moja kwa moja leseni inayohuishwa. Ikiwa anayehuisha leseni anatakiwa kuonyesha alama za kujiendeleza, basi tuulize alama hizo zinatokana na nini. Mtu anayekaa ukumbini siku mbili, akanywa chai, akasaini mahudhurio na kurudi na cheti, amejiendeleza kwa karatasi. Yule aliyefanya mazoezi ya dakika tano kila wiki wodini kwake, akiangaliwa na mwenzake, huenda hana cheti chochote. Ushahidi wa Haydom unasema huyu wa pili ndiye anayeokoa watoto. Utaratibu wa leseni unapaswa kumtambua yeye kwanza.

Rungu peke yake halitoshi

Wananchi wengi hulisikia Baraza pale tu mambo yanapoharibika. Picha ya video inasambaa, mtumishi anasimamishwa, kiongozi anatoa kauli kali, na baada ya wiki moja tunahamia habari nyingine. Adhabu ina nafasi yake. Anayemtukana mama, anayempiga, anayemtoza fedha kwa siri au kumwacha peke yake huku yeye akichati kwenye simu, anastahili kuitwa na kujieleza. Sisi wa vyombo vya habari hatutaacha kuyaripoti hayo.

Lakini tumekaa na wakunga wa vijijini nje ya studio, bila vinasa sauti, na wanachotuambia kinafanana. Yuko peke yake usiku. Akina mama wawili wanajifungua kwa wakati mmoja. Dawa ya oksitosini, inayozuia kutokwa damu, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, na jokofu halina umeme tangu juzi. Akipoteza mama, atakayeitwa mbele ya kamati ni yeye. Aliyeshindwa kuleta umeme hataitwa, wala aliyemwacha zamu ya saa 24 bila mwenzake.

Usimamizi wa aina hiyo una matokeo mabaya kuliko kukosa haki. Unafundisha watu kuficha. Mkunga anayeogopa adhabu hujaza chati ya maendeleo ya uchungu baada ya mama kujifungua, ili ionekane nzuri. Huchelewa kutoa rufaa kwa kuogopa kuulizwa kwa nini hakuiona dalili mapema. Na hasemi kwamba alikaribia kukosea, ingawa habari hiyo ndiyo ingemfundisha mwenzake. Baraza linalopata ripoti za kubuni haliwezi kumlinda mtu yeyote.

Ndiyo maana tunadhani kila shauri linalofikishwa mbele ya Baraza lingekuwa na maswali mawili yasiyotenganishwa: mkunga huyu alifanya nini, na mahali pake pa kazi palikuwa na nini usiku ule. Mwajiri atoe majibu ya swali la pili kwa maandishi. Na mwakilishi wa wananchi wa kawaida, asiye muuguzi wala daktari, awe na kiti chenye sauti pale shauri linapoamuliwa. Viwango vya ICM vyenyewe vinatambua nafasi ya watu wasio wa taaluma katika vyombo vya usimamizi. Vinafanya hivyo kwa sababu nzuri: wanataaluma wakijihukumu wenyewe kwa siri, hata hukumu ya haki haiaminiki.

Nini tukitazame kuanzia sasa

Kila Mei 5, Siku ya Wakunga Duniani, tunasikia hotuba na kuona maandamano ya sare nadhifu. Mwaka ujao tungependa kuwauliza wahusika maswali manne, na tunawaalika wasikilizaji wetu wayaulize pia, kwenye mikutano ya kata na kwa madiwani wao.

Kwanza, vyuo vya mkoa huu vinapokea wanafunzi wangapi, na hospitali wanakofanyia mazoezi zina vizazi vingapi? Pili, je, kila kituo kina orodha ya watumishi wanaozalisha, ikionyesha tarehe ya leseni kuisha? Tatu, mara ya mwisho mazoezi ya wodini yamefanyika lini, na sanamu iko wapi: mezani, au imefungiwa kwenye kabati la stoo? Nne, malalamiko yaliyopelekwa na wananchi yaliishia wapi?

Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji sheria mpya. Sheria ya 2010 ipo, Baraza lipo, na ushahidi wa kinachofanya kazi umepatikana katika mikoa yetu wenyewe. Kinachohitajika ni kuviunganisha: chuo kihesabu vitanda, mwajiri akague leseni, leseni ihesabu mazoezi, na shauri limuulize pia mwenye kituo.

Na sasa jibu kwa yule dada wa Kishapu, ambalo halikutosha hewani. Una haki ya kuuliza, "Samahani, wewe ni nani hapa?" na kujibiwa kwa heshima. Ukiona hujatendewa vyema, anza kwa muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Na suala la mwenendo wa mtumishi linaweza kufikishwa kwa Msajili wa Baraza. Andika tarehe, saa na jina kama ulilisikia.

Yule binti aliyekuzalisha huenda alikuwa mwanafunzi, na huenda alifanya kazi yake vizuri sana. Kila mkunga hodari wa mkoa huu aliwahi kuwa binti au kijana huyo. Tunachotaka kuwa na uhakika nacho ni kwamba nyuma yake alisimama mtu anayejua, na kwamba kuna aliyehakikisha hivyo kabla wewe hujafika.